Ng'ombe walipita, sisi tukakwama

Kabla hamjanitumia tena ile video, ngojeni niseme mwenyewe. Aliyeirekodi ni shemeji, na mwanzo kaukata makusudi, pale nilipokuwa bado nina heshima zangu.

Tunakwenda arusini Bedford, huku Uingereza, ramani ya simu ikatuteremsha kwenye kinjia cha kijijini, mbele mto umepita juu ya lami. Mama mkwe, ndiyo kwanza katoka Tanga, kapakata sufuria la pilau: "Baba, si turudi?" Na mimi mnanijua. Nikazima redio, nikaanza darasa. Nikamwambia Waingereza wa kale hawakuita mahali ovyo: jina likiishia na "ford", hapo maji ni machache, watu walivuka kwa miguu. Oxford walivusha maksai. Hertford ni kulungu. Bradford, kivuko chake kipana. Hata Bedford tunakokwenda, palikuwa pa kuvukia pa bwana mmoja Bieda. "Sasa mama, ng'ombe apite, gari lishindwe?"

(Wale wa "ungesoma kibao", tulieni. Kibao cha kupimia kina nilikiona. Namba zilikuwa za futi, mimi nimekua na mita.)

Nikaingia. Mwanzoni raha, maji yanaruka pembeni, shemeji anashangilia. Katikati injini ikakohoa. Ikakohoa tena, kwa adabu ya mgeni anayebisha hodi. Kimya. Nikasikia baridi kisiginoni. Nikajikaza, sikusema. Soksi ya kulia ikalowa, ya kushoto ikafuata. Kandambili ya mama mkwe ikaja inaelea taratibu, ikapita chini ya kiti, ikanigonga mguu. Hakuna aliyepumua. Hatua tatu tu pembeni, juu ya kidaraja cha mawe ambacho naapa hakikuwepo, bibi wa Kizungu akapita na mbwa wake, wote wakavu, akatupungia mkono. Ndipo mama mkwe akauliza, kwa upole kabisa: "Baba, hao ng'ombe walikuwa na injini?"

Hapo ndipo video inapoanza.

Yaliyobaki ni trekta, kamba, suruali ya kuazima ya mwenye trekta, na arusini tumefika watu wanafunga viti. Pilau lilipona.

Jana tumempa mama mkwe ramani ya treni za London achague pa kutembea. Kasoma Stratford, kasoma Romford, alipofika Watford akavua viatu.