Kabla Fundi Hajafuta Kompyuta Yako

Dada yangu ni mwalimu wa Kiingereza. Nalitaja hilo mapema kwa sababu Jumapili ile aliponipigia simu kutoka Walukuba, hapa Jinja, kuniambia kompyuta yake "imekataa intaneti", nilimuuliza swali moja tu: skrini imeandika nini? Akajibu, "Si yale maneno yao ya Kiingereza."

Fundi alikuwa ameshapita na kutoa hukumu. "Mwalimu, hii ni virusi. Tufomati, nikuwekee Windows mpya." Shilingi 50,000, na mashine ingerudi jioni. Na faili? Fundi alisema angejaribu kuziokoa. Hilo "angejaribu" ndilo lililomfanya dada anitafute, maana mle ndani mlikuwa na alama za wanafunzi wa muhula mzima.

Nina ugomvi wa siku nyingi na kufomati. Kumekuwa panadol ya mafundi wetu. Kompyuta ikiwa nzito, fomati. Printa ikigoma, fomati. Ubaya ni kwamba mara nyingi dawa inafanya kazi: ukifuta kila kitu, hata kile kidogo kilichoharibika kinaondoka humo humo, mteja anashukuru, fundi anakwenda zake akiamini alipatia. Hakuna aliyejua tatizo lilikuwa nini, kwa hiyo likirudi mwezi ujao tunalipa tena.

Nikaenda. Chrome ilikuwa imeandika ERR_PROXY_CONNECTION_FAILED, wazi kabisa, na chini yake maelezo kwamba kuna kasoro kwenye proksi, yaani mlango wa kati ambao kurasa hupitia kabla ya kukufikia. Edge ikasema vivyo hivyo, na Firefox nayo. Kwa fundi, vivinjari vitatu kugoma kwa pamoja ulikuwa ushahidi wa virusi. Mimi niliona vingine. Vivinjari vitatu vya kampuni tatu haviugui saa moja kwa bahati mbaya. Ukiona hivyo, tazama kile vinachotumia kwa pamoja chini yake. Halafu mpwa wangu alikuwa ameketi hapo hapo tangu asubuhi akicheza mchezo wake wa mtandaoni, kwenye kompyuta hiyo hiyo iliyosemekana haina intaneti! Hakuna aliyejiuliza.

Nilifungua lile dirisha jeusi la amri nikaandika ping 8.8.8.8, amri ya kuiuliza anwani kama inajibu. Hiyo ni anwani ya huduma ya DNS ya Google (ile inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba), ipo tangu 2009, na ninaipenda kwa sababu hata mtu aliyechoka anaikumbuka. Majibu yakarudi, mistari minne. Barabara kutoka Walukuba hadi nje ilikuwa nzima.

"Umeweka VPN humu?" nikamuuliza kijana.

"Kidogo tu, mjomba."

Anauza raba za mtumba kupitia Facebook, na Facebook ilifungwa Uganda Januari 2021, siku mbili kabla ya uchaguzi. VPN ni programu inayokupitisha njia nyingine ili ufike palipofungwa. Baadhi ya programu za VPN za bure, ukiziwasha, huiagiza Windows kwamba kuanzia sasa kurasa zote zipitie kwao, na mlango wao ni 127.0.0.1, yaani kompyuta kujitaja yenyewe. Ukizizima kwa utaratibu, zinaondoa agizo. Lakini umeme ukikatika ghafla, na Jumamosi ulikuwa umekatika mara mbili, programu inakufa na agizo linabaki. Kompyuta ikiwaka tena, vivinjari vyote vinakwenda kubisha hodi kwenye nyumba ambayo mwenyewe hayupo. Mchezo wa kijana haukuathirika kwa kuwa haukufuata agizo hilo. Ping nayo haina habari nalo.

Tukafungua mipangilio ya Windows, sehemu ya mtandao, tukashuka hadi kwenye proksi, tukazima swichi. Basi. Dada aliitazama skrini, akanitazama mimi, akauliza, "Na zile elfu hamsini?"

Naamini kompyuta nyingi za majumbani kwetu zimebeba mabaki ya namna hii, na si kwa sababu watu wetu ni wazembe. Julai 2018 ilipokuja kodi ya mitandao ya kijamii, shilingi 200 kwa siku, watu walipakua VPN yoyote waliyoiona. (Wengine waliteketeza data ya zaidi ya mia mbili ili kuikwepa mia mbili, lakini hiyo ni hadithi nyingine.) Kodi ile iliondoka Julai 2021, ikaja asilimia 12 juu ya data yenyewe, ila VPN zikabaki kwa sababu Facebook ilikuwa imefungwa. Mtu anaweka moja, inagoma, anaweka ya pili bila kuiondoa ya kwanza. Miaka inapita. Kila programu iliacha kitu ndani, kama wapangaji wanaohama na kusahau misumari ukutani.

Si kila mara ni proksi, bila shaka. Kitu cha kwanza kuangalia ni salio, na hapa kuna mtego wetu wa nyumbani: "WhatsApp inaingia" si ushahidi kwamba intaneti ipo kamili. Kuna bando zinazouzwa kwa ajili ya WhatsApp tu, na ukiunganisha kompyuta kwenye simu yenye bando hiyo, ujumbe utapita na kurasa zitakataa. Nimeshaona watu wakigombana na ruta isiyo na kosa.

Kuna DNS. Hapa Uganda ukimwelekeza mtu nyumbani kwako humpi namba ya kiwanja. Unamwambia mwendesha boda jina la mahali, yeye anajua pa kukuleta. DNS ni huyo wa boda: unataja jina la tovuti, yeye anajua namba yake. Asipojua, barabara haijakatika, ila huendi popote. Ndiyo maana nilianza kwa kujaribu namba. Namba ikijibu na jina likakataa, huku Chrome ikiandika kitu kinachoanza na DNS_PROBE, badilisha wa boda: nenda kwenye mipangilio ya mtandao uweke 1.1.1.1 au 8.8.8.8 badala ya ile iliyoletwa na ruta. Wakati mwingine inatosha kuandika ipconfig /flushdns kwenye lile dirisha jeusi ili kompyuta isahau majibu ya zamani. Namba nayo ikikataa, hapo ndipo uanze kuishuku ruta, laini, au kampuni. Na hata hapo si lazima kosa liwe karibu nawe. Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika, na intaneti ya sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ikatambaa. Siku kama hiyo hata ufomati mara saba, haitasaidia.

Tatizo ninalolipenda zaidi ni saa. Kompyuta nyingi za mezani tunazonunua zimeshatumika ng'ambo, na ndani yake kuna betri bapa ya CR2032, kama sarafu, inayotunza saa wakati umeme haupo. Betri ikifa, kila umeme ukikatika mashine inaamka ikiamini ni miaka mingi iliyopita. Tovuti salama huonyesha cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha; kompyuta inayodhani iko 2009 inakiona cheti cha mwaka huu kuwa bado hakijaanza, inakataa kila mlango, na mwenye nyumba anapiga kelele kwamba intaneti imekufa. Ukiitazama saa iliyo pembeni mwa skrini umemaliza uchunguzi. Rekebisha saa, kisha nunua betri.

Sasa nirudi kwa fundi, maana sitaki nimwonee. Siku chache baadaye nilikutana naye nikamweleza. Hakukasirika. Alicheka, akaniambia, "Kaka, nikizima swichi moja, dada yako atanilipa hamsini?" Sikuwa na jibu, kwa sababu anasema kweli. Sisi wateja tunalipia jasho tunaloliona. Fundi akibeba mashine, akakaa nayo mchana kutwa, akairudisha inang'aa, tunatoa pesa bila kusita. Akibonyeza mara tatu na kumaliza, tunampa soda na ahsante. Tumemfundisha wenyewe kwamba kutambua tatizo hakuna bei, kufuta kuna bei. Mimi ningependa nimlipe fundi elfu ishirini ya kuniambia kilichoharibika, hata kama marekebisho yenyewe ni bure, kuliko hamsini ya kunifutia muhula mzima. Nilimwambia hivyo. Alisema niwaambie na majirani.

Dada alimwamuru kijana aiondoe ile VPN, akaiondoa. Siku ya pili akairudisha, kwa kuwa raba hazijiuzi zenyewe.

Jumamosi iliyofuata simu ikaita. "Kaka, umeme ulikatika, imeandika tena ERR, PROXY, CONNECTION," akawa ananisomea kwa sauti ya darasani, neno kwa neno. Nikafungua mdomo nimwelekeze.

"Subiri," akasema. "Nimeshazima." Akakata simu.