Mgonjwa anasubiri oparesheni ya utumbo, anakula nini?

Huku kwetu Mwanza mtu akipangiwa oparesheni ya utumbo grupu la WhatsApp linafunguliwa siku hiyohiyo, michango, nani atatoa damu, nani atapanda Bugando kulala na mgonjwa, kila kitu kinajadiliwa isipokuwa anakula nini wakati anasubiri tarehe. Mwenyewe yupo ndani na uji mweupe na chai ya rangi, suruali inamvuka, tunasema atakula akishapona. Hapo ndio tunachemka.

Utumbo ukikatwa unaungwa, lakini daktari anashona tu, kuota nyama pale ni kazi ya mwili, na mwili bila protini hauna cha kujengea. Kidonda kinachelewa, kinga inashuka, mshono wa nje unatunga usaha, au lile lililoogopwa kabisa, muungo wa ndani unaachia kinyesi kinavujia tumboni na mtu anarudi kwenye kisu akiwa hoi kuliko mwanzo.

Na sio habari mpya jamani. Mwaka 1936 daktari wa Marekani Hiram Studley aliangalia wagonjwa wake wa vidonda vya tumbo, waliopungua zaidi ya asilimia 20 ya uzito kabla ya upasuaji walikufa mmoja kati ya watatu, kwa wengine waliokufa hawakufika hata 4 kwa 100 (ni ugonjwa tofauti na zama tofauti, sawa). Leo miongozo ya Ulaya inasema aliyedhoofu sana alishwe kwanza siku 7 hadi 14, hata kama oparesheni itasogezwa. Mtu wa kilo 60 akipoteza 6 ndani ya miezi sita hiyo tayari ni kengele, mwambieni daktari.

Pesa? Dagaa wa Mwaloni pale Kirumba wasage uweke kwenye uji, yai, mtindi, maharage, sato siku mfuko ukiruhusu. Ila anayetapika kwa sababu utumbo umeziba msimlazimishe, huyo analishwa kwa njia ya daktari, na utumbo uliojisokota hausubiri wiki, ni kisu leoleo.

Halafu hii ya ndugu kumfungisha mgonjwa tangu jana yake mchana sijui tuliitoa wapi. Kwa wengi chakula kigumu kinaachwa masaa 6 kabla ya dawa ya usingizi, maji matupu masaa 2. Muulizeni daktari wa usingizi masaa ya mgonjwa wenu, msipangiwe na shangazi.