Kabla Hujamwita Nesi Mkali

Jumanne iliyopita nilikuwa kwenye matatu ya Kaptembwo, nimebanwa dirishani, na nyuma yangu mama mmoja akawa anasimulia jinsi nesi alivyomfokea binti yake wodi ya wazazi. Gari zima likampokea. Kila mtu alikuwa na kisa chake. Huyu alitupiwa kadi mezani, yule aliachwa benchini tangu asubuhi, mwingine aliambiwa maneno ambayo sitayaandika hapa. Mimi nilinyamaza. Mke wangu, Mama Neema, ni nesi, mwaka wa 14 huu, na saa hiyo alikuwa nyumbani amelala baada ya zamu ya nne ya usiku mfululizo.

Sikunyamaza kwa kudhani wanawasingizia. Najua maneno hayo husemwa. Mama Neema mwenyewe aliwahi kuniambia, machozi yakimtoka, kwamba alimkaripia mzee wa watu aliyeuliza tu choo kiko wapi. Mzee akamwambia, "Pole, mwanangu," akaondoka kukitafuta mwenyewe, chupa ya dripu ameiinua kwa mkono. Ile "pole" ilimkosesha mke wangu usingizi kuliko tusi lolote alilowahi kutukanwa.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza hali ya mtu kuchoshwa na kazi hadi akaishiwa. Halikuiita ugonjwa. Lilisema ni hali inayotokana na msongo wa kazini usioshughulikiwa, likaitajia dalili tatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi au kuichukia, na mtu kuona hafanyi tena kazi yake vizuri. Niliposoma ile ya pili nikayakumbuka mazungumzo ya matatu mengi niliyopanda mjini hapa. Tunaitazama dalili, tunaiita tabia.

Acha nieleze usiku mmoja tu, wa Julai, ile baridi ya Nakuru inayopenya hadi kwenye mifupa. Walikuwa manesi wawili, wodi ya wanaume, wagonjwa 38. Kama saa tisa usiku kijana aliyeletwa na ajali ya bodaboda akabadilika. Walimkandamiza kifua kwa zamu, Mama Neema na mwenzake na daktari mmoja, mpaka daktari akasema basi. Mwenzake akarudi haraka kwa mgonjwa wa oksijeni. Mama Neema akabaki na kijana: akamfumba macho, akamfunga kidevu kwa bandeji, akamnyoosha mikono, akaandika jina lake kwenye plasta na kuibandika. Wa mochari alichelewa. Pazia likavutwa, na wa kitanda cha pili akauliza, "Sista, huyu jirani amelala?" Akamjibu, "Amelala, baba. Lala na wewe."

Saa kumi na mbili asubuhi dawa zilikuwa lazima zitolewe, kwa hiyo akasukuma kigari cha dawa kitanda hadi kitanda. Wakati wa kukabidhi zamu kijana yule akawa mstari mmoja kwenye ripoti, na wakapita kitanda kinachofuata. Hakuna aliyefanya kosa hapo. Ndivyo kazi inavyokwenda.

Alipofika nyumbani aliketi kizingitini bila kuvua viatu. Nilimvua mimi. Soksi zilikuwa zimechora mfereji kwenye vifundo vya miguu vilivyovimba. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Soksi zake hazikufanana, Baba Neema. Moja ya kijani, moja nyeusi. Alivaa gizani." Jioni ile ile alirudi zamu.

Ninachotaka kwa ajili yake ni nusu saa. Mgonjwa akifariki, nesi aliyekuwa naye apokewe kazi kwa dakika 30. Msimamizi wa usiku huzunguka wodi zote; na ashike wodi kwa muda huo, au aite mtu wa wodi jirani. Na nesi apate mahali pa kwenda: chumba chenye mlango unaofungika, kiti chenye mgongo, na birika la maji ya moto. Leo mke wangu hunywa chai amesimama kwenye stoo, kati ya magongo na vitanda vilivyovunjika. Mwenzake mmoja aliyetoka likizo ya uzazi alikuwa akijikamulia maziwa chooni, yeye ambaye kutwa huwafundisha akina mama kunyonyesha miezi 6 bila kuchanganya kitu. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri amtengee mama kama huyo chumba safi cha faragha. Inaniuma kwamba hospitali, mahali panapoijua sheria hiyo kuliko kiwanda chochote, ndipo anapojificha chooni.

Ratiba ya zamu nayo ni jambo la kalamu na karatasi. Ikibandikwa Jumapili jioni ya kuanza kutumika Jumatatu, mtu hawezi kupanga kliniki ya mtoto wala matanga ya shangazi. Ibandikwe mwezi mzima mapema. Na anayetoka usiku asirudishwe mchana kabla hajalala siku mbili.

Halafu kuna sindano. Miaka mitatu iliyopita mke wangu alijichoma na sindano iliyotumika, mgonjwa amejirusha ghafla. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi huanzwa mapema iwezekanavyo, kabla saa 72 hazijapita, na humezwa siku 28. Alizipata siku ile ile, na hilo nashukuru. Lakini siku 28 ni nyingi ndani ya nyumba. Alikuwa anatapika asubuhi, mama yangu akidhani ni mimba na kuanza kufurahi. Kazini hakuna aliyemuuliza siku ya kumi, wala ya ishirini, "Sista, unaendeleaje?" Aliendelea kupangiwa zamu kama kawaida. Kenya tuna sheria mbili za 2007, ya usalama kazini na ya fidia kwa anayeumia kazini, na zote zinamhusu nesi sawasawa na fundi wa kiwandani. Mara nyingi hata fomu haijazwi, kwa kuwa anayepaswa kuijaza ndiye huyo huyo anayekimbia wodini.

Najua nitaambiwa kaunti haina pesa. Mishahara na ajira mpya zinahitaji pesa nyingi, kweli, na mgomo wa manesi wa 2017, ulioanza Juni ukaisha Novemba, ulituonyesha wote hali inavyokuwa madai yakipuuzwa. Wapo pia walioajiriwa 2020 kwa mkataba chini ya mpango wa Afya kwa Wote, ambao walipita miaka bila kujua kesho yao. Hayo yana watu wake wa kuyapigania, chama kipo. Mimi nadai yasiyosubiri hazina: kuondoa vitanda vilivyovunjika kwenye stoo, kununua birika, kupanga ratiba, kumpigia nesi simu siku ya kumi.

Tangu 2013 hospitali zetu ziko mikononi mwa kaunti, kwa hiyo sina haja ya kusafiri hadi Nairobi kulalamika. Kikao cha wananchi cha bajeti kikiitishwa, nitakwenda, na nitauliza jambo moja: chumba cha manesi kiko wapi kwenye makadirio haya, wodi gani, na lini. Nimemwomba yule mama wa matatu twende wote. Nilimfuata aliposhuka stejini, nikamwambia mke wangu ni nesi. Alinitazama kwa muda, akauliza, "Yeye hulala saa ngapi?" Tumepeana namba.