Tutumiane Nyimbo Zenye Majina

Desemba ikigonga hodi tu, magrupu ya wapenzi wa muziki yanaanza kujaa "ngoma zangu za mwaka". Ni desturi nzuri sana, na ndiyo maana inauma kuona tunavyoiharibu. Faili 40 zinamwagwa usiku mmoja, zote zimeandikwa AUD-20241214-WA na namba mbele yake. Msanii hatajwi, jina la wimbo halipo, mtunzi ndiyo kabisa. Anayepokea anafungua mbili, simu inalia imejaa, anafuta zote. Pengine katika hizo 38 ambazo hakuzigusa mlikuwa na wimbo ambao angeupenda maisha yake yote.

Kosa la kwanza ni dogo. Ukituma wimbo WhatsApp kama audio, programu inaufuta jina na kuupa namba. Utume kama dokumenti, jina linabaki kama ulivyoliandika. Basi liandike kabla hujatuma: mwimbaji, wimbo, mtunzi, mwaka. Kazi ya nusu dakika.

Lakini hilo la mtunzi naomba tukae nalo, maana hapo ndipo tunapowadhulumu watu. Mashabiki wa dansi wa zamani ukiwatajia bendi ya Mlimani Park wanakujibu Michael Enoch, wanakujibu Joseph Mulenga kwenye gitaa la solo, bila kufungua intaneti. Walijua nani kashika gitaa la rizimu na nani kashika besi kwa sababu waimbaji waliwataja wenzao ndani ya wimbo, na mashabiki walikumbushana vijiweni. Leo programu ya muziki inakuwekea jina la mwimbaji kwa herufi kubwa, halafu prodyuza na mtunzi mpaka ubonyeze nukta tatu pembeni uwatafute. Hata huko utamkuta yule tu aliyejazwa na waliopakia wimbo. Mpiga gitaa aliyelipwa kwa siku moja studio mara nyingi hayumo. Tusipomwandika sisi tunaompenda, nani atamwandika?

Kwenye taarab hali ni mbaya zaidi. Wimbo mmoja unaweza kuwa na mtunzi wa shairi, mwingine aliyeutia muziki, na mwingine anayeuimba. Watu watatu, sisi tunasema "wimbo wa fulani" na kumaanisha mwimbaji peke yake. Aliyekesha akipanga vina anabaki nje ya mlango wa kazi yake mwenyewe.

Jambo jingine la kuandika ni dakika. Taarab ya dakika 12 inaweza kuanza na ala tupu kwa dakika mbili nzima. Mtu aliyezoea biti inayoingia papo hapo atasikiliza sekunde 20, asisikie sauti ya mtu, aondoke. Mshike mkono. Mwandikie: "Subiri dakika ya 2 na sekunde 10, fidla zinashuka, kanuni (ile ala ya nyuzi nyingi) inabaki peke yake, ndipo mwimbaji anaingia." Mstari huo mmoja unamfanya avumilie. Na kwenye dansi msitukatie wimbo kabla ya chemka, ile sehemu ya baadaye inayochangamka! Ukituwekea status yenye beti la kwanza tu umetupa hadithi, lakini magitaa yanayojibizana, yale yanayoinua watu vitini, umeyaacha huko nyuma.

Ubora wa sauti nao una uongo wake. Sauti ya YouTube kwa kawaida ni kama kbps 128 hadi 160, yaani kiasi cha data ya sauti kwa kila sekunde. Ile mitambo ya kugeuza video kuwa MP3 inayokuandikia "320" inaongeza uzito wa faili tu. Kilichokwisha kupotea hakirudi. Hesabu ni hii: kbps 128 ni karibu MB 1 kwa dakika, kbps 320 ni MB 2.4. Wimbo wa dakika 12 unatoka MB 11.5 unakwenda karibu MB 29, na sikio halijapata kitu. Vinavyoumia mwanzo ni vyombo vya sauti ya juu: matoazi, rika (tari ndogo), nyuzi za kanuni. Vinasikika kama mchanga unaomwagwa kwenye bati. Kwa spika ya simu hutagundua, vaa earphone.

Bora zaidi tuma link badala ya faili. Mtasema link inakula bando. Ni kweli, nakubali kwa shingo upande. Hata hivyo faili linalozunguka magrupu halihesabiwi popote, wakati Spotify inahesabu usikilizaji kuanzia sekunde 30. Tumeni link ya ukurasa wa msanii mwenyewe. Mwenye bando dogo ausikilize akipata Wi-Fi.

Ule muhtasari wa mwaka unaotolewa na programu za muziki msiugeuze orodha yenu. Unafungwa kabla mwaka haujaisha, na haujui mlichokisikia ukumbini, redioni au harusini. Angalieni na mwaka wa wimbo: tarehe ya YouTube ni ya kupakia, na kanda za Radio Tanzania zinapakiwa mpaka leo.

Nyimbo 10 zinatosha, zenye majina na dakika zake. Kama humjui aliyepiga besi, uliza humo humo kwenye grupu kabla hujatuma. Kuna mtu alikuwepo ukumbini.