Mzee Mwenye Koti Jeusi

Enzi za mkanda wa picha 36, kamera yangu haikujua kufokasi yenyewe. Unazungusha pete ya lensi kwa mkono huku unachungulia kitunduni, na katikati ya kioo kuna kiduara kilichokatwa vipande viwili. Ukimlenga mtu ukaona mguu umekatika gotini, endelea kuzungusha. Mguu ukiunga, fyatua. Sasa kamera nyingi za aina ile zilitengenezwa ili kile kioo ukione kama kiko mita moja mbele yako, na kwa macho yangu mita moja tayari ni ng'ambo ya ziwa, kule Kamanga. Nikawa nachungulia na miwani. Inagonga kamera, pembeni huoni kitu, lakini kiduara kinaonekana na riziki inapatikana.

Basi tuko harusini, ufukweni, mkabala na Jiwe la Bismarck, lile jabali la ziwani. (Yule Mjerumani hakuwahi kukanyaga hapa, ila kwenye albamu za harusi za Mwanza yumo kuliko mashangazi.) Narudi nyuma ili wote waenee, jasho puani, miwani ikateleza ikazama kwenye ufa wa mwamba. Akatumwa mtoto mwembamba. Akapenyeza mkono hadi begani, akatoa ndala. Akapenyeza tena, akatoa kizibo cha soda. Jua linazama. Shangazi wa bwana harusi akapayuka, "Piga hivyohivyo, wewe si fundi?"

Nikachungulia kwa jicho tupu. Bibi harusi wingu jeupe, bwana harusi kivuli kirefu, na kivuli chenyewe kinacheka na kutikisika. Kiduara kinataka kitu kilichosimama wima kikatulia. Nikapapasa huku na huku, nikampata: nyuma yao, juu ya jiwe, mzee mmoja mwenye upara, koti jeusi, shati jeupe, suruali nyeupe ya kubana, mikono nyuma. Hatikisiki. Ile miguu yake niliiunga kwa raha zangu.

"Shikamoo mzee! Sogea kulia kidogo, wanakuziba!"

Kimya. Nikadhani Kiswahili kimempita. "Mwadila, baba!"

Watu wakaangua kicheko. Nikajua Kisukuma changu kimewakuna. Mwanga ulikuwa umepungua, lensi nimeifungua hadi mwisho, na ukiifungua hivyo anatoka vizuri yule uliyemlenga tu, wa mbele na wa nyuma yake wanavurugika. Kwa hiyo nikamng'ang'ania mzee, nafyatua na kumsifu: "Hapohapo, mzee wangu! Jamani, igeni kwa mzee!"

Mzee akatanua koti lake, akaruka zake kuelekea mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki.

Korongo! Wale wakubwa wa majalalani, wenye mfuko wa nyama shingoni.

Picha ziliposafishwa, fokasi ilikuwa safi mno, na hilo nitalisema hata mahakamani. Vinywele vya upara wake unavihesabu kimoja kimoja. Mbele yake, maharusi ni moshi mtupu. Baba wa bwana harusi aligeuzageuza picha moja, akauliza kwa upole, "Huyu ni wa upande wetu au wa wakwe?"

Shangazi ndiye aliyekuwa na pochi. Nikamweleza habari za lensi, mwanga na kiduara, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akafunga zipu.

"Hela yako kamdai mzee wako," akasema. "Alikoelekea unakujua."