Akina chaza hawakumshinda brakiopodi

Watu wengi wakionyeshwa brakiopodi, mnyama wa baharini mwenye maganda, husema ni chaza. Siwalaumu, maganda ni mawili vilevile. Lakini ya chaza yako kushoto na kulia kwa mnyama, ya brakiopodi moja liko mgongoni na jingine tumboni. Ganda lake moja ukilitazama kwa mbele, nusu zake mbili zinalingana kama uso wa mtu. Ukililinganisha na mwenzake, hayafanani. La tumboni kwa kawaida huwa kubwa zaidi, na aghalabu lina kitundu kwenye ncha, palipopita kikonyo alichojishikizia mwambani.

Mfanano huo wa juujuu ndio uliozaa hadithi inayonikera: kwamba brakiopodi alikuwa mzee mvivu, akina chaza wakaja na ujanja mpya, wakamsukuma pembeni taratibu. Mwaka 1980 wachunguzi wa visukuku Stephen Jay Gould na Bradford Calloway walizihesabu jenasi (makundi ya spishi za karibu) za pande zote mbili katika visukuku, na hawakumwona mmoja akipanda kadiri mwenzake anavyoshuka. Walichokiona ni pigo moja kubwa, mwishoni mwa kipindi cha Permi, miaka milioni 252 iliyopita.

Volkeno za Siberia zilikuwa zikimwaga lava na hewa ya ukaa. Bahari ikapata joto, oksijeni ikapungua. Mwenye ganda zito la chokaa na mwili unaofanya kazi polepole angefanya nini? Akina chaza nao waliumia, ila si kwa kiasi kile, na waliosalia wakajikuta na sakafu ya bahari iliyo wazi. Kuhamia nyumba ya marehemu nako tukuite kumshinda?

Na nyumba ilikuwa kubwa. Vilima vya Cincinnati, Marekani, vina miamba ya miaka kama milioni 450 ambayo mahali pengine ni maganda ya brakiopodi yaliyolundikana tu. Jirani zao wa Kentucky walimfanya kisukuku rasmi cha jimbo mwaka 1986, bila hata kutaja ni spishi gani. Wako wengi, wangechagua yupi?

Leo zimebaki spishi kama 400 za brakiopodi. Mmoja wao, Lingula, hukaa kwenye shimo la wima topeni, na ukimgusa anajivuta chini kwa kikonyo chake. Huko Ariake, Japani, wanamchimbua na kumla.