Simu si chubwi

Haya jamani, vois ya yule rafiki yangu, eti nilizamia simu yangu gatini huku nalia, najua imeshafika hadi Mokowe ng'ambo, wacheni niseme mwenyewe. Kwanza sikulia. Yale yalikuwa maji ya bahari.

Ijumaa jioni, gatini hapa Lamu, maji yamejaa yakasimama, hayaji hayendi, kwa hiyo msinambie habari ya mkondo. Nimevaa kikoi, nainama nimpokee bibi mmoja kapu lake kutoka kwenye boti, simu ikachomoka kiunoni. Hata haikulia chubwi, ililala majini kwa bapa. Na dakika hiyo hiyo mama mkwe anapiga.

Nimesimama nimeganda naangalia kioo kinawaka MAMA MKWE, kinateleza kushoto polepoleee, kinasita, kinarudi kulia, kinasita tena, kama jani la mkungu lishukalo bila upepo, yaani ni kama ananipungia mkono, kushoto kwaheri, kulia kwaheri, mpaka mwanga ukawa kijani, ukawa doa, ukapotea.

Watu wameshajaa. Hapo ualimu ukanipanda. "Tulieni, hii ni fizikia." Nikaazima mshipi wa mvuvi, nikashusha chubwi, lile zito la kuzamishia mshipi, pale pale simu ilipoingilia, likaenda wima mpaka chini, pima mbili. Nikasema nafuata mshipi, naikuta.

Nikaruka. Mimi nilidhani naingia kama mshale kumbe naingia kwa bapa kama simu, tumbo zima, PAAA! Punda wawili wakageuka. Kikoi kikabaki juu kinaelea. (Kaptula nilikuwa nayo ndani, hiyo sehemu ya uchi kaiongeza yule wa vois.)

Nimezama mara tatu naibuka na mchanga. Ndipo kijana mmoja, mwanafunzi wangu wa fomu tuu, akasema kwa adabu zote, "Mwalimu, si Jumatano ulituonyesha shilingi kwenye jagi?"

Weee. Kweli. Gololi ilishuka wima, shilingi ikayumba ikaenda kugonga ukuta wa jagi. Nikawatajia hadi Galileo, yule mwanasayansi wa Italia, kwamba 1612 alibishana na wenzake akasema umbo halikifanyi kitu kizame wala kielee, linakifanya kiende mbio au pole. Nikaongeza, kitu cha bapa maji hukisukuma huku na huku, hujui kitatua wapi. Nimesema mimi, kwa mdomo huu huu!

Kijana akaazima sahani ya bati kwa muuza mahamri, akaiachia, ikatua kulia. Wenzake wakaizamia wakaileta, akaiachia tena, ikatua kushoto. "Basi tutafute pembeni, tuwachane na mshipi." Dakika moja tu, kama mita mbili kando, kwenye majani ya bahari.

Mchele kilo mbili, siku tatu, kimya. Kikoi kimepatikana. Sahani nimeilipa, imepinda.

Lakini mama mkwe hataki kusikia habari ya bapa. Anasema iliita mara mbili, kisha akaambiwa mteja hapatikani, na yeye anajua mtu akimzimia simu.